Kadi ya kliniki na mtoto mgonjwa: mwongozo kwa mzazi wa mtoto wa chini ya miaka mitano

Kabla ya lolote, yaandike haya nyuma ya kadi kwa kalamu. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachomeza, akishikwa na degedege, au akilegea na kuwa mgumu kuamshwa, hakuna kungoja kliniki ya Jumatatu wala kumuuliza jirani. Ni hospitali muda huo huo, hata kama ni usiku wa manane. Kichanga ambaye hajatimiza miezi miwili ana masharti makali zaidi: joto la kwapani likifika 37.5, au likishuka chini ya 35.5, anapelekwa siku hiyo hiyo hata kama unamwona mchangamfu. Kichanga hana nguvu ya kuugua kwa kelele. Mara nyingi anachofanya ni kuacha ziwa na kulala tu.

Mengine yanaweza kwenda kwa utaratibu, na utaratibu wenyewe unaanzia kliniki. Mwongozo huu unafuata hali ya Tanzania.

1. Siku ya kliniki: kadi na mizani

Nenda na kadi. Kadi iliyobaki kwenye begi la shangazi Tabora haimsaidii nesi wa Temeke, kwa hiyo piga picha kurasa zake zote kwa simu. Mvalishe mtoto nguo zinazovulika upesi, maana nepi iliyolowa na sweta la sufi vinaongeza gramu za uongo. Kama anayeshinda na mtoto ni bibi au dada wa kazi, muulize kabla hujatoka: amekula nini wiki hii, ameharisha, amekohoa usiku? Akiweza kuja naye, bora zaidi.

Mizani ikiwa ni ya kuning'inia, angalia mshale umerudi kwenye sifuri kabla mtoto wako hajatiwa. Nesi hatakasirika. Akikasirika, mwache akasirike.

Sasa uzito. Mtoto mchanga hupungua siku za mwanzo, hadi kama asilimia 10 ya uzito aliozaliwa nao, na kwa kawaida anaurudia ndani ya wiki mbili. Akifika miezi mitano hivi uzito wa kuzaliwa unakuwa umezidishwa mara mbili, na akitimiza mwaka mara tatu. Aliyezaliwa na kilo 3 unamtegemea kwenye kilo 9 siku ya kukata keki. Lakini usiondoke na namba peke yake. Mwombe nesi aweke nukta kwenye mchoro na aiunganishe na ya mwezi uliopita, kisha utazame mstari unaelekea wapi. Mtoto mdogo wa umbo ambaye mstari wake unapanda kila mwezi hana shida. Mtoto mnene ambaye mstari wake umelala kwa miezi miwili ana jambo, na hapo ndipo pa kukaa uulize, ingawa kila mtu kwenye benchi anamsifu kwa mashavu.

Mstari ukishuka, mtaani watakuambia mtoto amebemendwa: kwamba baba na mama wamelala pamoja angali ananyonya, au baba ametoka nje. Maneno haya yameharibu nyumba nyingi na kuchelewesha watoto wengi, kwa sababu mama anaona aibu kuja kliniki na mtoto aliyekonda, akijua watu watamfikiria nini. Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kukonda kwa mtoto kuna sababu zinazotafutika: chakula kidogo au chepesi mno, kuhara kunakorudi, kifua kikuu, VVU, minyoo, moyo, au mimba nyingine iliyomfanya aachishwe ziwa mapema bila chakula cha kutosha badala yake. Njoo naye tu.

Kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano kuna utepe wa kupima mkono wa juu, karibu nesi yeyote anao. Chini ya sentimeta 11.5 ni rangi nyekundu, maana yake utapiamlo mkali. Kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni njano. Tena bonyeza nyayo zote mbili kwa juu, kwa kidole gumba, uhesabu hadi tatu. Pakibaki shimo miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata kama utepe umesoma kijani. Wengi hudanganywa na uvimbe huu wakidhani mtoto ananenepa.

2. Chanjo: jua ipi imeingia na ipi bado

Siku ya kuzaliwa ni BCG ya kifua kikuu, begani, na matone ya polio. Wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ni pentavalenti (dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na bakteria wa Hib anayeleta homa ya uti wa mgongo), PCV ya nimonia, na polio tena. Matone ya rota ya kuzuia kuhara yanaingia katika safari hizo hizo, na wiki ya 14 inaongezwa sindano ya polio. Kisha miezi 9 na miezi 18: surua na rubela.

Safari ya miezi 18 ndiyo inayosahaulika. Mtoto anatembea, mama amerudi kazini, kadi imeingia kabatini. Tatizo ni kwamba dozi ya miezi 9 haikamati kwa kila mtoto. Katika kila 100 kuna kama 15 ambao mwili wao haukujenga kinga, na huwezi kuwajua kwa kuwatazama. Dozi ya pili ipo kwa ajili yao.

Mafua na kikohozi kidogo si sababu ya kuahirisha. Ukiruka dozi huanzi upya, unaendelea ulipoishia. Homa ya siku moja au mbili baada ya pentavalenti ni kawaida, na paja likivimba kidogo usilikande kwa maji ya moto. Kidonda kidogo cha BCG kinachotokea wiki kadhaa baadaye nacho kiache kikauke chenyewe. Usipake kitu.

Kuanzia miezi sita ni matone ya vitamini A kila baada ya miezi sita, na dawa ya minyoo akishatimiza mwaka. Upande wa Kenya ratiba inafanana sehemu kubwa, ila kaunti za kuzunguka Ziwa Victoria zimekuwa zikitoa pia chanjo ya malaria tangu 2019.

3. Mambo ya kumwonyesha nesi asipoyauliza

Foleni ikiwa ndefu nesi anapima, anachoma, anaita mwingine. Haya yataje wewe mwenyewe.

Macho. Piga mtoto picha kwa mwanga wa simu. Mboni moja ikitokea nyeupe au inang'aa badala ya nyeusi au nyekundu, na ikajirudia kwenye picha nyingine, usiiweke picha ile kando. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, inaweza kuwa saratani ya jicho inayoshika watoto wadogo, nayo ikiwahiwa inatibika. Hospitali za Muhimbili (Dar es Salaam) na KCMC (Moshi) wanaona watoto hawa kila mara. Makengeza yaliyobaki baada ya miezi minne hadi sita nayo yasemwe.

Kichwa. Kikikua upesi kuliko mwili, utosi ukiwa umevimba hata mtoto akiwa ametulia na ameketishwa, macho yakiwa yanaelekea chini, hicho ni kichwa maji mpaka kithibitike vinginevyo. Kinafanyiwa upasuaji, na kila mwezi unaopita unaharibu ubongo. Futi ya kupima kichwa haina gharama, iombe.

Manjano. Kwa mtoto mweusi ngozi inaficha. Tazama weupe wa macho na ufizi, au bonyeza ncha ya pua uachie. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, yaliyofika viganja na nyayo, au yaliyopitisha wiki mbili yanakwenda hospitali. Kumwanika mtoto juani asubuhi hakutoshi kuyatibu na kunapoteza siku. Na zile nguo za kaka yake zilizohifadhiwa na vidonge vyeupe vya kufukuza mende, zifue na kuzianika vizuri kabla ya kumvika. Harufu ya vidonge vile inaweza kupasua chembe za damu kwa watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na upungufu huo upo kwetu.

Viganja na nyayo kuvimba na kuuma bila kuanguka, kwa mtoto wa kuanzia nusu mwaka hivi, macho ya njano, damu kupungua mara kwa mara: omba kipimo cha selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo duniani, na mtoto anaweza kuwa nayo bila mzazi yeyote kuumwa.

Kuhusu hatua za ukuaji, usishindane na mtoto wa jirani. Lakini asiyetabasamu hadi miezi mitatu, asiyekaa mwenyewe hadi miezi tisa, asiyetembea hadi miezi kumi na minane, au asiyegeuka ukimwita, aangaliwe.

4. Homa

Pima kwa kipimajoto. Kiganja cha mama kinajua mtoto ana moto, hakijui kiasi. Mpunguzie nguo, mpe ziwa au maji mara kwa mara, na parasetamo kwa uzito wake, si kwa umri. Dozi ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa nne hadi sita, isizidi mara nne kwa siku. Hapa ndipo wengi wanapotea: chupa za dukani hazifanani. Nyingine ina miligramu 120 katika mililita 5, nyingine 250 katika mililita zile zile. Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 80 hadi 120. Kwa chupa ya kwanza mililita 5 zinamtosha; kwa ya pili mililita 5 hizo hizo ni zaidi ya dozi mbili. Soma chupa, kisha pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai kiache jikoni. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Kisha apimwe malaria, siku hiyo hiyo. Kipimo cha haraka ni tone la damu la kidoleni na majibu ni dakika 15 hadi 20 hivi. Ikiwepo, atapewa dawa mseto: dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, halafu asubuhi na jioni. Mpe akishanyonya au akishakula kitu chenye mafuta, maana bila mafuta dawa hainyonywi vizuri. Akiitapika ndani ya nusu saa, rudia. Siku ya pili homa itakuwa imeshuka na mtoto anakimbizana na kuku. Hapo ndipo dozi zilizobaki hufichwa kwa ajili ya mdogo wake. Mmalizie.

Kipimo kikikataa, usimpe dawa ya malaria "kwa usalama". Siku hizi kinachofuata ni kuambiwa mtoto ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), naye anarudi nyumbani na chupa ya antibayotiki bila mtu kuuona mkojo wake. UTI ya watoto ipo, tena si ya kudharau kwa mtoto mdogo mwenye homa isiyo na chanzo, lakini inajulikana kwa mkojo uliokingwa vizuri kwenye kikopo safi baada ya kumnawisha. Dai kipimo.

5. Kikohozi: mhesabu pumzi

Hili kila mzazi anaweza kulifanya, na linaokoa kuliko dawa yoyote ya kikohozi. Ngoja mtoto atulie au alale, asiwe ananyonya wala kulia. Pandisha fulana mpaka kifuani. Washa saa ya kuhesabu kwenye simu, utazame tumbo na kifua, kila kinapoinuka hesabu moja, dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, kwa sababu pumzi za mtoto haziendi sawasawa.

Chini ya miezi miwili, 60 na kuendelea ni haraka mno. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50. Mwaka mmoja hadi minne, 40. Ukipata namba hiyo, fikiria nimonia na umpeleke. Na tazama chini ya mbavu: akivuta pumzi, pale panapaswa kutoka nje. Pakiwa panaingia ndani, au anakoroma kila akitoa pumzi, au midomo na ulimi vimekuwa vya bluu, anahitaji hospitali yenye oksijeni. Zahanati wampe dozi ya kwanza na rufaa.

Asiye na hayo ana mafua. Matone ya maji ya chumvi puani kabla ya kunyonya, vinywaji vya uvuguvugu, na jiko la mkaa litoke chumbani. Asali kijiko kidogo inatuliza koo, ila kwa aliyepita mwaka mmoja tu.

Kikohozi kikiganda, kuna watakaosema mtoto ana kimeo kirefu kikatwe. Kimeo hakileti kikohozi. Wembe wa fundi unaleta damu isiyokatika, usaha kooni na pepopunda. Mtoto aliyekohoa zaidi ya wiki mbili, hasa aliyepungua uzito au anayelala na mtu mzima anayekohoa, apimwe kifua kikuu, na mtu mzima huyo naye apimwe.

6. Kuhara

Mtoto hauawi na choo chenyewe, anakufa kwa maji yanayotoka. Kwa hiyo kazi yako ni kurudisha maji, tangu choo cha kwanza.

Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) soma inataka maji kiasi gani. Nyingi ni lita moja, yaani chupa mbili za maji za nusu lita, si vikombe vya kukisia. Ikiwa nzito mno inamzidishia chumvi, ikiwa nyepesi haimsaidii. Baada ya kila choo, wa chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100, aliyezidi miaka miwili 100 hadi 200, kwa kikombe au kijiko. Akitapika subiri dakika kumi, anza tena polepole, kijiko kimoja kimoja. Kilichobaki baada ya saa 24 mwaga. Kama pakiti hakuna na duka liko mbali, lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vimesawazishwa juu.

Pamoja nayo zinki: miligramu 10 kwa siku kwa wa chini ya miezi sita, 20 kwa aliyezidi, siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Ziwa na chakula viendelee. Flagyl na Septrin za dukani kwa kila kuhara ni fedha imetupwa. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima ni hatari kwake. Choo chenye damu kinahitaji daktari.

Ameishiwa maji ukiona macho yameingia ndani, analia bila machozi, mkojo umeadimika, na ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi taratibu. Utosi uliobonyea ni dalili ile ile, na bibi yuko sahihi kuuogopa. Ila kuupaka dawa juu hakurudishi maji yaliyotoka chini.

Lililo baya zaidi ni "meno ya plastiki". Mtoto ana homa na anaharisha, mtu anamtazama ufizi, anaona uvimbe mweupe, anauchimbua kwa kisu au spoku ya baiskeli. Ule ni chipukizi la jino lake la chonge ambalo halijaota. Kuhara kunabaki pale pale, na sasa ameongezewa kidonda, damu na maambukizi.

7. Degedege

Mlaze ubavu chini, mbali na jiko na ncha za kitanda. Legeza nguo. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimshike kwa nguvu, usimpe dawa ya kunywa, usimfukize. Tazama saa. Kati ya miezi sita na miaka mitano homa kali peke yake inaweza kulileta na likaisha ndani ya dakika chache, lakini nyumbani huwezi kulitofautisha na malaria kali au homa ya uti wa mgongo. Kwa hiyo hata likiisha, mnakwenda. Anayetaka kumpitisha kwa mganga kwanza aambiwe atampitisha wakirudi.

8. Ngozi na masikio, kwa ufupi

Upele unaowasha usiku kati ya vidole: tibuni nyumba nzima siku moja, na shuka zifuliwe. Mapunye hayaponi kwa kupaka. Fangasi wamo ndani ya shina la nywele, mtoto anahitaji dawa ya kumeza wiki kadhaa. Vipele pamoja na homa, macho mekundu na mafua: dhania surua, na mwambie nesi mlangoni kabla hujakaa na watoto wengine. Sikio linalotoa usaha likaushwe kwa kitambaa safi kilichosokotwa, bila mafuta, na aonwe. Kitovu kiachwe kikavu. Wekundu ukitambaa kwenye ngozi ya tumbo, ni hospitali.

9. Ukifika hospitali usiku

Sema kwa mpangilio huu: umri na uzito wake wa mwisho, kilichoanza kwanza na lini, mara ya mwisho kunyonya na kukojoa, dawa alizopewa na saa. Toa kadi. Beba chupa na pakiti za kila alichokunywa, pamoja na za mitishamba. Usizifiche kwa kuogopa kusemwa, maana daktari anayetaka kumwongezea parasetamo anahitaji kujua kama ya nyumbani ilikuwa ya 120 au ya 250.